Mkono Kwenye Komeo

Kisumu nzima, kutoka Kondele mpaka pale maji yanapoanza, hakuna mtu aliyesoma vitabu vingi kumpita Mwalimu Akello. Alisema hivyo yeye mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wanawake waanikao omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Alipoona hakuna anayebisha akaingiwa na wasiwasi, akaongeza: "Lakini vingine nilivisoma nikisimamia mtihani, kwa hiyo sikumbuki nani alioa na nani alizikwa. Na vingine nilianza tu."

"Afadhali umesema mwenyewe, Nyar Gem," alisema mama mkwe wake, Mama Dorca, bila kuinua macho. Alimwita hivyo, msichana wa Gem, tangu siku alipoolewa, na hata baada ya miaka yote hiyo jina lilitoka kama vile bibi harusi ameshuka garini sasa hivi.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Nyavu zilikuwa zimetandazwa ufuoni na omena wamemwagwa juu yake wakauke, fedha tupu, mpaka mtu akitazama sana anaona kama ziwa limepanda nchi kavu likalala. Kazi ya kuanika omena si ngumu. Ni kukaa. Unakaa, unawageuza, unarusha kijiti kwa makorongo wenye vipara wanaojongea kama wazee wa baraza, halafu unakaa tena. Jua linakuchukua, sauti za maji zinakuchukua, na baada ya muda hujui kama uko macho au umelala ukiwa umekaa.

Ndani ya kukaa huko ndiko Mwalimu Akello alikoleta vitabu. Zamani alikuwa akipita tu: "Habari ya leo, Mama? Haya, nimechelewa." Mama Dorca naye hakuwa mtu wa kwenda kukaa nyumbani kwa mwanawe. Kwa desturi yao mama halali kwa mtoto aliyeoa, na yeye aliongeza vya kwake kwamba hata viti vya huko vinamchosha. Alikuwa na chumba chake kando ya ufuo na hakukihama. Siku moja Akello akaja na kitabu, akakaa kwenye ukingo wa wavu, akasoma kwa sauti. Mama Dorca alisema, "Endelea, mimi macho yangu na herufi tuligombana tukiwa wadogo." Tangu siku hiyo, kila likizo, jioni haikumkuta Akello nyumbani kwake kabla hajasoma ufuoni.

Sasa kitabu cha mwisho kilikuwa kimeisha, na wanawake walitaka kingine.

"Usituletee kama kile cha ushirika wa wakulima," alisema Winny, msichana wa mwisho kuingia kazini hapo. "Haki nililala omena wangu wakaliwa."

"Wala kile cha wapenzi," alisema Zeituni, mnunuzi wa omena. Watu wake walitoka pwani zamani, na Kiswahili kibovu kilimuuma kama jino. "Watu wanalia kila ukurasa. Machozi yale yangejaza beseni."

"Nitachagua vizuri," alisema Akello.

Lakini hakuwa anafikiria Winny wala Zeituni. Alikuwa anamtazama Mama Dorca alivyoinuka kwenda kugeuza omena, mkono mmoja kwenye kiuno, mwingine umeshika tumbo chini ya kanga, polepole, kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa.

*

Daktari alisema ni uvimbe, na uvimbe utolewe mwezi huo huo. Ukiachwa, alisema, hatutaongea tena habari ya kutoa, tutaongea habari nyingine. Zadock, mwana wa Mama Dorca na mume wa Akello, alikuwa amefanya kila kitu ambacho fundi wa kuchomelea vyuma anaweza kufanya. Alilipa bima, akaongea na daktari, akatafuta gari. Kitu kimoja tu kilimshinda: mama mwenyewe.

"Dada yangu aliingia hospitali akitembea," Mama Dorca alimwambia. "Akatoka amebebwa. Mimi nitakaa na uvimbe wangu. Tumezoeana."

Zadock alirudi kwake na kofia yake ya kuchomelea mkononi, uso umemshuka. Walikaa mlangoni, yeye na Akello, wakanywa chai.

"Ongea naye wewe," alisema Zadock. "Wewe anakusikia."

"Hanisikii mimi, Baba. Anasikia kitabu."

Alisema hivyo kwa kulalamika tu. Lakini neno likabaki pale kati yao, juu ya chai, na Akello akalitazama. Anasikia kitabu. Je, kama kitabu kingekuwa kitamu kiasi cha kutoachika? Kama kingekatwa mahali pabaya, mahali ambapo mtu hawezi kukubali kufa bila kujua kinachofuata?

"Unawaza nini?" aliuliza Zadock.

"Nachagua kitabu."

"Sasa? Mama anaumwa, wewe unachagua kitabu?"

"Ndiyo hiyo dawa nayo," alisema Akello. Aliingia ndani, akapiga magoti, akaanza kuvuta makatoni kutoka chini ya kitanda.

Mtu asiyesoma hudhani kuchagua kitabu ni kuchukua tu. Akello aligeuza vyote. Hiki kizuri, lakini kina vita, na Mama akisikia bunduki husema "mwambie mwandishi apunguze sauti." Hiki kina busara nyingi, kitamfanya akubali kufa kwa utulivu, na hilo silo linalotakiwa. Hiki alikipenda sana akiwa msichana, akafungua, akasoma kurasa kadhaa akiwa amekaa sakafuni, akashangaa yule msichana alikuwa anapenda nini humo. Alivirudisha vyote. Hakuna hata kimoja kilichompigia kelele kutoka ndani ya katoni.

Siku iliyofuata alikwenda soko la Kibuye.

Katikati ya soko, kati ya marundo ya sidiria na makoti ya watoto wa Ulaya, kijana anaitwa Calvince alitandika magunia akamwaga vitabu juu yake kama viazi. Wateja wake walikuwa wa aina mbili. Kwanza walimu. Pili mama wa njugu, waliotaka karatasi ya kufungia.

"Madam, chagua haraka," alisema Calvince. "Hawa wa njugu hawana huruma. Wao hawaulizi hadithi inahusu nini."

"Nyamaza, nasoma."

"Utasoma yote hapa hapa? Basi nikuletee kiti na chai, na jioni unirudishie kitabu."

Watu waliokuwa kwenye sidiria wakacheka. Akello aliona haya, mwalimu mzima amesimama kwenye vumbi miwani imeteleza puani, lakini hakuondoka, kwa sababu alikuwa ameshika kitabu kisicho na jalada wala jina, na sentensi yake ya kwanza ilikuwa hivi: *Mume wangu aliondoka na mashua iliyojaa vioo, na asubuhi ile ziwa lilikuwa na majua mengi kuliko mbingu.*

Akasoma ya pili. Mtu akampiga kikumbo. Akasoma ukurasa. Mtu mwingine akamwambia "Mama, songa", akasonga bila kuondoa macho. Alipokuja kushtuka kivuli chake kilikuwa kimehamia upande wa pili.

Hakuangalia mwisho. Akello alikuwa na kanuni moja ambayo aliwafundisha hata wanafunzi wake wa Gredi ya Sita: kufungua ukurasa wa mwisho kabla ya wakati ni kama kuchungulia chumba cha watu. Alilipa, akakiweka kwapani, akaondoka kama mtu aliyeiba.

*

Kitabu kilimhusu mwanamke anaitwa Naeema. Mumewe muuza vioo aliondoka asirudi, naye akamfuata, bandari baada ya bandari, kila mahali akiambiwa, "Alipita hapa jana." Ilikuwa jana siku zote. Naeema alikuwa akisikia mluzi wa mumewe unatoka nyuma ya ukuta, anazunguka, anakuta mtu mwingine anapiga mluzi uleule, na kioo kimoja kimeachwa kimetundikwa mtini, ndani yake kuna mawingu.

Wanawake wa omena hawakuamini masikio yao. Winny aliacha kurusha vijiti, makorongo wakala wakashiba. Zeituni, aliyekuja kununua na kuondoka, alikuwa anaketi juu ya gunia lake mwenyewe. "Hicho ni Kiswahili," alisema kwa kunong'ona. "Sikieni watoto, hicho ni Kiswahili."

Alasiri zilipita zikiwa zimeshikana, hazina mshono. Magugumaji yalikuja na upepo yakafunga ufuo, kijani kibichi na maua yake ya zambarau, kama shamba limeamua kuhama. Kesho yake upepo ukageuka, shamba likaondoka, ziwa likabaki jeupe. Sauti ya Akello ilienda ikirudi. Mara nyingine alisahau kama anasoma au anaona. Mara nyingine Mama Dorca alicheka kidogo, kabla hata hawajafika mahali pa kuchekesha, na Akello akadhani ameota.

"Kiache hapa kwangu," Mama Dorca alikuwa akisema jioni, akikitia kitabu ndani ya kikapu chake. "Kwako kuna cheche za Zadock. Ataunguza mtoto wa watu."

Na Akello akakiacha. Kila alipokifungua siku iliyofuata kilinuka omena zaidi.

Halafu ikaja alasiri ambayo Mama Dorca alishindwa kuinuka kugeuza omena wake. Winny aligeuza kwa niaba yake. Akello alisoma mpaka pale Naeema anashuka kwenye mji wa mwisho, anaonyeshwa nyumba moja juu ya kilima, anaanza kupanda. Mluzi unasikika. Akello akafunga kitabu, kurasa chache tu zikiwa zimebaki.

"Yawa!" Winny alipiga kelele. "Endelea!"

"Siendelei."

"Mwalimu, huo ni ukatili," alisema Zeituni.

"Sehemu iliyobaki," alisema Akello, ambaye maneno hayo aliyatayarisha usiku kucha, "nitamsomea Mama. Hospitali. Akishatoka kwa daktari wa kupasua."

Mama Dorca alikuwa anatazama maji.

"Na mwisho wake unaujua?" aliuliza.

Hapo Akello, mtu wa kanuni, alifanya jambo ambalo angemwadhibu mwanafunzi kwa kulifanya. "Nimeshausoma, Mama. Mwisho wake ni mtamu."

Mama Dorca alimgeukia. Alimtazama muda mrefu, kama mtu anayemtazama samaki sokoni, machoni kwanza, halafu chini ya matamvua.

"Kumbe ni mtamu."

"Sana, Mama."

"Kuliko wote uliosoma?"

"Wote."

"Haya," alisema Mama Dorca, na kona ya mdomo wake ikasogea. "Mwambie Zadock aniandikishe."

*

Akello alikwenda na kitabu nyumbani siku ile, amekikumbatia. Kwa kuwa ameshadanganya kwamba ameusoma mwisho, aliona heri ausome kweli, uongo upungue. Alifungua nyuma.

*Akaweka mkono kwenye komeo. Ndani, mtu aliendelea kupiga mluzi, na*

Basi. Hakukuwa na kitu kingine. Kulikuwa na ncha za karatasi zilizochanika, kama meno ya mtoto, na katikati ya ukurasa ule wa mwisho kulikuwa na omena mmoja mkavu, amelala kimya, amebanwa akawa bapa. Akello alimwona bila kumwona. Omena huingia popote. Aliwahi kumkuta mmoja ndani ya chai ya mwalimu mkuu. Alimbandua, akamtupia kwenye kikasha cha miwani pasipo kufikiri, akatoka mbio.

"Madam," alisema Calvince, akikuna kichwa. "Mwisho wa hicho ulikwenda na njugu."

"Njugu za nani? Wapi?"

"Njugu zinakaa wapi, Madam? Zimeliwa. Kama hadithi ilikuwa nzuri, ilikuwa na chumvi pia."

"Huna kingine kama hicho?"

"Hata jina lake silijui. Ningelijua ningekuuzia ghali."

Zadock alipoambiwa aliweka chini koleo lake. "Mwambie ukweli."

"Nikimwambia hatalala kwenye ile meza. Atasema hata kitabu chenyewe kimemtoroka."

"Utafanya nini sasa?"

"Mimi nimesoma vitabu vingi kuliko mtu yeyote Kisumu," alisema Akello, na mara hii hakujisahihisha, kwa sababu alikuwa anataka kulia.

Siku zilizobaki alitembea kama mtu aliye chini ya maji. Akisonga ugali, Naeema alifungua mlango akamkuta mumewe ana mke mwingine. Hapana, Mama atakasirika, mshono utafumuka. Akifua, Naeema alikuta chumba kitupu. Hapana, hilo halina rehema. Akipiga pasi, mume alikuwa amekufa na mluzi ulikuwa wa upepo, na shati la Zadock likaungua. Maisha yake yote alikuwa amechagua maneno ya wengine. Hakujua ya kwake mwenyewe yanakaa upande gani.

*

Hospitalini, Sista Wakhungu alivuta pua. "Nani ameleta samaki wodini?"

"Ni mimi mwenyewe," alisema Mama Dorca. "Imeingia kwenye ngozi. Mkinipasua mtaiona."

Sista alimsogezea karatasi ya kukubali kupasuliwa, akaongea naye polepole, kwa sauti ya juu, jinsi watu wanavyoongea na watoto na wageni. "Shosho, bibi yangu, hujui kuandika? Weka kidole. Kidole. Hapa nitakuonyesha..." Lakini Mama Dorca alikuwa ameshachovya gumba kwenye wino na kulikandamiza mahali penyewe, juu ya mstari, bila kuonyeshwa. Akello aliona aibu kwa ajili yake, akatazama pembeni.

Walipomsukuma kwenda ndani, alimshika Akello mkono. Mkono wake ulikuwa baridi.

"Nyar Gem. Mwisho ni mtamu, sivyo?"

"Mtamu, Mama."

"Usiniangushe," alisema, na milango ikameza kitanda.

Akello na Zadock walikaa kwenye benchi. Dirishani palionekana kipande cha ziwa, chembamba kama utepe, na juu yake mawingu yaliyosimama. Zadock alikuwa anafikicha vidole vyake vyenye makovu ya moto. Akello alifumba macho, akapanda kile kilima na Naeema, hatua kwa hatua, na kila alipofika juu mlango ulikuwa umefungwa bado. Akaendelea kupanda. Alikuwa na imani ya kijinga kwamba mradi yeye anapanda, mtu aliye upande wa pili wa ile milango naye anapumua.

Daktari alipotoka alikuwa anavua kofia yake. "Mama yenu ni mgumu," alisema, na akatabasamu.

*

Siku Mama Dorca alipoweza kuinua kichwa, kitu cha kwanza alichoomba ni uji, cha pili ni kitabu.

Akello alijiandaa. Nyuma ya kitabu alikuwa amechomeka karatasi za mtihani wa Sayansi wa Gredi ya Sita, awe na kitu cha kufunua. Alikaa, akainamisha kitabu kuelekea kwake, akasoma. Mgonjwa wa kitanda cha pili akazima redio ya simu yake. Naeema alipanda kilima. Mluzi ukasikika. Akaweka mkono kwenye komeo. Ndani, mtu aliendelea kupiga mluzi, na

Akello alifunua ukurasa. Mbele yake kulikuwa na mchoro wa mzunguko wa maji.

"...na mlango haukuwa umefungwa," alisoma. "Ndani kulikuwa na mzee asiyemjua, amekaa, anapiga mluzi. 'Ulifundishwa na nani?' Naeema akauliza. 'Na muuza vioo,' mzee akasema. 'Hakuwa na nauli ya kurudi kwake, akauza vyote hapa, akatufundisha wimbo ili mtu atakayeufuata asipotee.' Naeema akatazama. Kuta zote zilikuwa vioo. Akajiona, mwingi, kila pembe, mvi kichwani, uso umeivishwa na jua la bandari zote. Akastaajabu jinsi mwanamke yule alivyokuwa mzuri, na jinsi alivyotembea mbali. Akakaa mkekani. Akasema, 'Nipe chai kwanza. Yeye nitamtafuta nikishapumzika.'"

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anajifuta macho na shuka. Zadock, ambaye hajamaliza kitabu tangu shule, alikuwa ameacha mdomo wazi. Hata Sista Wakhungu alikuwa amesimama na trei yake mlangoni.

Mama Dorca alikuwa amefumba macho.

"Rudia pale kwa vioo," alisema.

Akello alirudia. Alisoma vizuri, alidhani, mpaka Naeema akakaa kwenye kigoda akaomba maji.

"Ilikuwa mkeka," alisema Mama Dorca. "Na ilikuwa chai."

"Nimeruka mstari, Mama."

"Nyar Gem." Macho yalifunguka. "Kitabu hicho kimeishia mlangoni. 'Mtu aliendelea kupiga mluzi, na.' Halafu basi. Hakuna hata nukta."

Akello alihisi uso unawaka. Karatasi ya Sayansi iliteleza ikaanguka sakafuni, na mzunguko wa maji ukatazama dari. "Nisamehe, Mama. Ulikwenda na njugu. Niliogopa ungekataa..." Akainua kichwa. "Lakini kama ulijua hakuna mwisho, ulikubali kupasuliwa kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya kusikia utaweka nini baada ya 'na'," alisema Mama Dorca. "Mtu ananikazia macho, ananidanganya mchana kweupe ili nisife. Nikasema, wacha nimfuate huyu, nione atafika wapi." Alimpapasa goti. "Umefika. Ni kizuri hicho. Kitakachofuata usinunue. Kiandike."

Akello alikuwa analia na kucheka. Zadock peke yake ndiye aliyekuwa hacheki. Alikuwa amekunja uso, kama anatafuta mahali chuma kimepasuka.

"Mama," alisema. "Umejuaje kimeishia kwenye 'na'?"

Mama Dorca alitazama dirisha. "Umeniambia wewe."

"Mimi hicho kitabu sijawahi kukifungua."

"Basi Winny."

"Winny hakusoma, Mama," alisema Akello taratibu. "Kilikuwa kwenye kikapu chako." Alifungua kikasha cha miwani, akamtoa omena, bapa, mkavu, akamweka juu ya shuka. "Na huyu alikuwa amelala kwenye ukurasa wa mwisho."

Wote watatu wakamtazama omena.

"Wanaingia popote hao," alisema Mama Dorca. "Kwani najua herufi mimi? Mtu wa kidole tu!"

"Haya, Shosho," alisema Sista Wakhungu, akisogea na karatasi ya dawa na pedi ya wino. "Kabla sijasahau. Hii ni ya maumivu, mbili mara tatu."

"Si imeandikwa moja mara tatu?" alisema Mama Dorca, akiichungulia, gumba lake likiwa tayari hewani.